Maradhi ya Ukungu wa Maji: Sehemu ya Pili, Mkonge na Udongo wa Kilosa

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi misitu ya Ulaya ya mti uitwao Fagus inavyodhoofika kwa kuoza mizizi, na jinsi maradhi ya namna hiyo yalivyoiangamiza miti ya jarrah huko Australia Magharibi. Leo yatupasa kurejea nyumbani, kwani ukoo wa adui huyo umekwisha kuingia mashambani mwetu.

Ukoo wenyewe ni Phytophthora, jina alilolitunga mtaalamu wa Kijerumani Anton de Bary mwaka 1876, alipokuwa akiuchunguza ugonjwa wa viazi ulioleta njaa kuu Ireland tangu 1845. Wengi hudhani ni kuvu, ilhali kwa nasaba uko karibu zaidi na baadhi ya mwani wa baharini. Kuta za chembe zake ni za selulosi, na mbegu zake, zisizoonekana kwa macho, zina mikia miwili ya kuogelea. Maji yakituama baina ya punje za udongo, mbegu hizo huifuata mizizi na kuishambulia. Udongo ukikauka, nyingine hujifunga katika ganda nene zikangojea masika. Na kwa kuwa si kuvu halisi, dawa nyingi za kuvu haziudhuru.

Mkonge tuliouzoea uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf kutoka Florida: miche 1,000 ilisafirishwa, 62 tu ikafika hai, nao kwa kiasi kikubwa uliyastahimili maradhi haya. Lakini mkonge mahuluti nambari 11648, uliozalishwa katika kituo cha Mlingano, Tanga, kwa tamaa ya wingi wa majani, ulidhihirika kuwa dhaifu mbele ya Phytophthora nicotianae. Majani yake hutokwa na mabaka yenye mistari ya zambarau na kijani, ndipo ukaitwa ugonjwa wa punda milia. Kisha huoza majani machanga yaliyojikunja katikati, na hatimaye shina lenyewe.

Mkulima wa Kilosa ana haki ya kuyatafakari hayo. Kimamba na Rudewa ni nchi ya mkonge. Mto Mkondoa hushuka milimani kwa ghadhabu, hata mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ukaibomoa reli. Na uwanda wa Mkata, uelekeao Mikumi, una udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji siku nyingi. Basi mwenye kustaajabu kwa nini kipande kimoja cha shamba hufa na cha jirani kikasalimika, na atazame kwanza maji yatuamapo baada ya mvua, kabla hajafungua mkoba wake dukani. Achimbe mitaro kabla ya masika, asipande mabondeni, apalilie ili hewa ipite, wala asikate majani mvua inapomiminika, kwani jeraha bichi ni mlango.

Juma lijalo, inshallah, tutautazama mchungwa unaotokwa na utomvu shinani, na mparachichi unaokauka kuanzia kileleni.