Kipande kidogo kinacholinda batri ya PSP

Ku Buluo, umeme ukirudi mangaribi, kila prizi ya lupango inapata mwenyewe: telefone ya mama, taa ya kichwa ya baba anayeingia kazi ya usiku, na PSP ya batoto. Tuongee juu ya ile PSP, maana taa ya baba, kama ni ya litiumu, inalindwa kwa njia ileile.

Umeme wa nyumba ni volti 220, ila mara unashuka, mara unaruka. Sharjeri inaupunguza mpaka volti 5. Batri ya PSP iko na volti 3.6, na ubongo wa mashine unataka paka volti 1 na kidogo. Nani anapunguza tena? Kuna njia ya kugeuza ziada kuwa joto, lakini batri inaisha mbio. Njia nzuri ni swichi ndogo sana, inapitisha na kukata mara mamia ya maelfu kwa sekunde moja. Ni kama robine: ukiifungua nusu ya wakati, inapita nusu ya mayi. Bobini na kondansateri zinakuwa pipa la kusawazisha, na chipu inapima kila saa. Volti zikishuka, swichi inapitisha kwa muda mrefu kidogo.

Hapo hakuna hatari kubwa. Hatari iko juu ya batri yenyewe. Sony ilianza kuuza batri za litiumu mwaka 1991, zenye kobalti ndani, ile tunayochimba huku Katanga. Batri ya namna hii isipite volti 4.2, wala isishuke sana chini ya volti 3. Saketi ya kuchaji ikishindwa kusimama, kuna kipande chembamba kama ukucha, njo kinakata.

Batri ikikataa, mafundi wengine wanakitoa kipande kile, wanaunga waya moja kwa moja. Mchezo unawaka, batoto wanafurahi, franga zimetoka kidogo. Lakini sasa hakuna tena wa kukata: gesi inajaa, batri inavimba kama unga wenye chachu, inaweza kushika moto.

Ikivimba, musiitoboe, musiichaji tena, muitoe ndani ya nyumba. Hata ikiwa nzima, musiichaji chini ya mto wa kulalia. Umeme ukichezacheza, toeni sharjeri mpaka utulie. Na ile taa ya kichwa iliyotengenezwa juzi, kabla baba hajashuka nayo shimoni, aulize fundi kama kipande bado kiko.