Meno ya paka: Wakati wa kung'oa na wakati wa kuacha

PAKA anayeikimbilia sahani yake kwa hamu, akauma mara moja kisha akaruka nyuma akilia, si mdekaji. Huenda ana jino linalomuuma. Wenye nyumba wengi hudhani amechoka na chakula, wakambadilishia omena kwa maziwa, na ugonjwa ukaendelea.

Paka mzima ana meno 30. Ni nadra mno meno hayo kutoboka kama ya binadamu mpenda sukari. Adui wa kwanza ni ukoga, ambao hugandamana karibu na fizi, fizi zikavimba na hatimaye mfupa unaoshikilia jino ukaliwa. Adui wa pili ni wa ajabu zaidi: chembechembe za mwili wa paka mwenyewe hulimeng'enya jino, mara nyingi kuanzia kwenye mzizi. Kuna pia uvimbe mkali wa kinywa kizima hadi karibu na koo, ambapo kinga ya mwili huchachamaa kupita kiasi. Paka wa aina hii hutokwa na mate, hunuka kinywa na huacha kujilamba, manyoya yakabaki kama ya paka wa jalalani.

Kosa kubwa ni kungoja hadi paka akatae chakula. Mnyama huyu huficha maumivu. Atameza vipande bila kutafuna na kuonekana mzima. Anapoacha kula kabisa kwa siku kadhaa, hasa akiwa mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta na kuhatarisha uhai wake.

Matibabu huogopwa kwa sababu ya nusukaputi. Hofu hiyo ina msingi, lakini umri pekee si kizuizi. Daktari wa mifugo hupima damu kwanza, akiangalia hasa figo, ndipo akadiria hatari. Kukwangua ukoga paka akiwa macho huyapendezesha meno tu, kwani maradhi yamo chini ya fizi, mahali panapoonekana vyema kwa eksirei. Si kila kliniki iliyo na mashine hiyo, hasa zile zilizozoea ng'ombe na mbuzi, hivyo ni busara kuuliza kabla ya kulipa.

Dawa za kuua bakteria hupunguza uvimbe kwa muda, ila haziponyi jino lililooza mzizi. Na asipewe kamwe paracetamol: ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Jino lenye ukoga kidogo na fizi nyekundu laweza kusafishwa likabaki. Lililolegea, au lililoliwa na mwili hadi likauma, hung'olewa. Kwa uvimbe wa kinywa kizima, daktari aweza kupendekeza kuyang'oa magego yote, hata meno yote. Mwenye paka husikia ukatili hapo. Hata hivyo, wengi wa paka hao hupata nafuu kubwa, ingawa baadhi huendelea kuhitaji dawa. Paka wa nyumbani hawindi ili aishi. Akiwa kibogoyo hula samaki aliyepondwa bila shida, na baadhi hurudia hata chakula kikavu baada ya vidonda kupona.