Laini ya Akiba kwa Duka la Nkowe: Wapi Ulipie, Wapi Uache

Malipo ya korosho yakishaingia kwenye akaunti za wakulima, kibanda cha wakala hapa Nkowe hakina nafasi ya kupumua. Mmoja anatoa fedha ya mafundi wa nyumba, mwingine anatuma ada Nachingwea, na wa tatu anataka tu kujua kama salio limeongezeka. Mtandao ukikata saa nne asubuhi, foleni haisubiri. Mwenye haraka anapanda bodaboda kwenda Ruangwa mjini, na kamisheni inaondoka naye. Ndiyo maana wenye maduka, wenye mashine za POS na makatibu wa vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) wananiuliza: ninunue kifaa gani ili mtandao mmoja ukilala mwingine ushike?

Mabenki na hospitali kubwa walishalijibu hilo kwa njia ya gharama. Wanaweka ruta mbili zinazofanana, moja ikiwa zamu na nyingine akiba, zikitumia anwani moja kwa pamoja, hivyo kompyuta za ofisini hazina haja ya kujua ni ipi inayozihudumia. Ruta ya zamu hutuma salamu fupi bila kukoma. Kwa utaratibu uitwao VRRP, kwa kawaida salamu hutoka kila sekunde 1, na zikikosekana tatu mfululizo ya akiba huinyakua anwani na kutangaza kwamba mzigo wote sasa uje kwake. Jumla ni kama sekunde 3 na nusu. Utaratibu wa HSRP wa kampuni ya Cisco una subira zaidi: salamu kila sekunde 3, na zamu inabadilika baada ya sekunde 10 za ukimya. Kuta za ulinzi za mtandao zinaweza kufanya la ziada, kwa kunakiliana habari za kila muunganisho ulio wazi, ili zamu ikibadilika kazi iliyokuwa katikati iendelee bila mtumiaji kuingia upya.

Lakini hesabu bei yake. Unanunua vifaa viwili ili utumie kimoja, na vinahitaji waya wa kuvifanya visikilizane pamoja na fundi anayejua kuvipanga. Waya huo ukikatika huku vyote viwili ni vizima, kila kimoja kinaweza kudhani mwenzake amekufa, vyote vikashika zamu na mtandao ukavurugika. Wakala anaweza kuvumilia dakika moja ya kukatika, kwa hiyo simshauri kabisa kulipia jozi ya namna hiyo. Ofisi yenye kompyuta nyingi zinazofanya kazi kutwa nzima, hapo tunaweza kuzungumza.

Kwa duka la kawaida, anza na kilicho rahisi kuliko vyote: laini ya kampuni ya pili, ikiwa imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, ndani ya simu ya laini mbili. Kasoro yake ni kwamba simu nyingi zinakutaka uingie mwenyewe kwenye mipangilio na kuchagua laini ya data. Faida yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu menyu za *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money au *150*88# ya HaloPesa hazihitaji bando la intaneti. Data inaweza kulala huku menyu hizo zikiendelea kufunguka. Wakala aliyezoea kufanya kila kitu kwa programu ya simujanja azifanyie mazoezi siku tulivu, maana siku ya foleni si siku ya kujifunza.

Hatua ya pili ni ruta yenye nafasi mbili za laini, inayohama yenyewe. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, uliza ina modemu ngapi. Nyingi zinazotangazwa kuwa za laini mbili zina modemu moja tu. Laini ya pili inakaa humo bila kushika mtandao wowote. Ya kwanza ikifa, ruta inaiachia, inatafuta mnara wa pili, inajisajili, inaomba anwani, na hayo yanaweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Ruta yenye modemu mbili laini zake zote ziko hewani muda wote, na kuhama ni suala la sekunde, ila bei inapanda. Ni tofauti ya kipa wa akiba wa timu ya Namungo aliyevaa glovu na kukaa benchi na yule anayepaswa kupigiwa simu atoke nyumbani. Kwa duka la uwakala, modemu moja inatosha. Kwa zahanati inayohakiki kadi za bima wagonjwa wakiwa mlangoni, ningelipia mbili.

Pili, uliza ruta inatambuaje kwamba mtandao umekufa. Ruta duni inaangalia mnara tu: ikiona mawimbi, inaridhika. Sote tunaijua hali ya vijiti vinne vya mtandao huku ukurasa haufunguki. Mnara mzima, njia nyuma yake imekatika. Ruta nzuri inabisha hodi mbali zaidi, kwenye anwani mbili au tatu za intaneti, na isipojibiwa ndipo inahama. Mpangilio huo usipokuwepo, kifaa hicho hakistahili fedha yako hata kikiuzwa nusu bei.

Tatu, ruta zinazouzwa rahisi na kampuni za simu zenyewe mara nyingi zimefungwa kwa laini ya kampuni hiyo. Ni nzuri kwa nyumbani. Kwa kazi hii hazifai.

Zaidi ya hapo kuna dishi la satelaiti, ambalo halitegemei mnara wowote wa hapa. Vifaa vyake na ada ya kila mwezi ni mzigo kwa duka moja, na mvua kubwa huudhoofisha mtandao wake. AMCOS, shule na zahanati zinazoweza kuchangiana ndizo za kulifikiria, baada ya kuthibitisha kwamba mtoa huduma ana leseni ya TCRA.

Ukishachagua kifaa, kuna swali linaloamua kama fedha yako imeenda vizuri: je, laini hizo mbili zinaweza kufa pamoja? Kampuni mbili zinaweza kukodi nafasi kwenye mnara mmoja. Helios Towers, kwa mfano, inamiliki minara nchini na kuikodisha kwa mitandao mbalimbali. Mnara huo ukikosa umeme, laini zako zote mbili zimelala. Tarehe 12 Mei 2024 nchi nzima ilipata somo kubwa zaidi: kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania kote. Kuwa na laini ya kampuni ya pili hakukusaidia sana, kwa kuwa kampuni nyingi zilipita kwenye kebo hizohizo. Kabla ya kununua, weka daftari kwa mwezi mmoja. Kila mtandao unapokata, andika saa, kisha jaribu laini ya jirani ya kampuni nyingine. Zikiwa zinakata pamoja mara kwa mara, tafuta kampuni ya tatu.

Halafu kuna umeme, ambao kwa maoni yangu ndio unaopaswa kula shilingi za kwanza. Ruta ndogo hula takriban wati 10. UPS ya kawaida ya dukani, ile ya VA 650, mara nyingi ina betri moja ya volti 12 yenye Ah 7, yaani saa-wati 84. Ukitumia nusu ili betri isife mapema, unabaki na 42, takriban saa nne, na kwa kweli hazifiki, kwa sababu UPS hupoteza nguvu ikigeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, kisha adapta inaurudisha 12. Betri ya sola ya Ah 100, ikiunganishwa moja kwa moja na ruta ya volti 12 kupitia kidhibiti chaji, nusu yake ni saa-wati 600: zaidi ya siku mbili bila kukoma. Wengi hapa tayari wana betri hiyo kwa ajili ya taa. Hao wanunue waya na kidhibiti kwanza, ruta ya bei baadaye.

Jambo moja kifaa hakiwezi kukumalizia. Ruta ya laini mbili ikihama, anwani yako mtandaoni inabadilika na muamala uliokuwa katikati unakatika. Mteja kaweka namba ya siri, skrini imeganda, na wakala anashawishika kurudia. Usirudie. Angalia salio au subiri ujumbe wa uthibitisho, maana ule wa kwanza unaweza kuwa umeshapita, na fedha ya mteja ikatolewa mara mbili.

Dukani, kabla hujalipa, mwambie muuzaji aweke laini mbili za kampuni tofauti kwenye ruta, aunganishe simu yako, acheze video, kisha achomoe laini ya kwanza. Hesabu sekunde hadi video irudi. Airudishe ile laini, na utazame kama ruta inakurupuka kurudi papo hapo au inasubiri dakika chache kuhakikisha mtandao umetulia. Inayokurupuka itakuhamisha huku na huko siku mtandao ukiyumba, na kila inapohama miamala inakatika, kwa hiyo aonyeshe mahali pa kuweka muda wa kusubiri. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, nenda duka la pili.