Kabla ya kufunga kashata, linda pikipiki

Mvua za Machi zikinyesha siku mbili tatu mfululizo, gereji za Tarime mjini, Nyamwaga na Mugumu hupata kazi moja: kuvua tairi za lami na kuvalisha za kashata, yaani zenye meno makubwa. Dereva anayeshuka mlimani na mikungu ya ndizi nyuma hana namna nyingine. Udongo mwekundu wa Tarime ukilowa unateleza kama sabuni. Ukivuka Mto Mara kuingia wilaya ya Serengeti, unakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao unanata na kujazana mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Kashata inasaidia, hilo halina ubishi. Kinachonikera ni tabia ya kuifunga, kujaza upepo na kuondoka.

Pikipiki nyingi za bodaboda, Boxer 150 ikiwemo, hutumia nyuma tairi lenye namba 3.00-17, yaani upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 17. Dukani, la lami na la kashata huandikwa namba hiyohiyo, na hapo ndipo wengi hupotea. Tairi mbili zenye namba moja zaweza kupishana kimo na upana halisi, hasa pale meno ya kashata yanapokuwa marefu na ya pembeni yametokeza. Upande mmoja wa gurudumu kuna cheni na kava lake, upande wa pili kuna fimbo ya breki. Nafasi hapo ni finyu.

Lakini hatari kubwa iko juu, mahali ambapo dereva haoni. Katika pikipiki nyingi, waya wa taa ya nyuma hupita chini ya madigadi. Pikipiki ikisimama tupu, nafasi kati ya tairi na waya inaonekana tele. Pakia abiria na gunia, ingia shimoni, shokapu zinazama na meno yanaukwangua waya. Yakiukwangua wiki nzima, taa inazimika usiku na dereva hana habari. Wa kwanza kujua ni dereva wa lori anayemfuata kwenye barabara ya Sirari.

Wenzetu wa nchi za barafu wanalijua tatizo hili vizuri. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, aliingiza sokoni pikipiki ya theluji ya Ski-Doo mwaka 1959. Chombo hicho husukumwa na mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini ya kiti, na barafu ikiwa ngumu wenyewe hutoboa mkanda na kuufunga misumari ya chuma. Misumari ikishika barafu chini, upande wa juu inapita karibu kabisa na bati la aluminiamu, na kwenye mashine nyingi kuna rejeta humo ndani. Kwa hiyo mafundi wa huko hufunga reli za kinga kwenye bati hilo, na urefu wa msumari huchaguliwa kwa kuangalia nafasi iliyopo. Asiyefanya hivyo hujikuta rejeta imechanwa, maji ya kupozea yamemwagika na injini inachemka katikati ya baridi kali. Huko kinga na meno ni kazi moja. Huku kwetu kinga husubiri hasara.

Chukua madigadi ya mbele. Kwa kuwa hukaa karibu na tairi, udongo wa mbuga hujaa humo haraka, na wengi huamua kuyang'oa kabisa. Gurudumu linazunguka, ndiyo, ila sasa tope lote linarushwa kwenye injini. Injini hizi hupozwa na upepo unaopita katikati ya mapezi yake. Tope likikaukia hapo, joto halina pa kutokea. Afadhali kuyapandisha madigadi kwa vyuma vya kuunganishia na kuning'iniza mpira mnene mwisho wake wa chini. Bati la kukinga injini kwa chini nalo ni zuri kwa njia za mawe, mradi liwe na matundu ya kutolea tope na tundu la kufikia nati ya kumwagia oili. Kama bampa inachomelewa, betri ifunguliwe kwanza. Fundi anayechomelea betri ikiwa imeunganishwa anacheza na mfumo wa umeme wa mtu mwingine.

Waya wa taa uhamishwe pembeni na ufungwe imara ndani ya mpira wa tyubu kuukuu. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Halafu pikipiki ijaribiwe. Paka chaki chini ya madigadi na ubavuni mwa kava la cheni, pakia mzigo wako wa kawaida, pita matuta mawili matatu taratibu, kisha kagua. Chaki ikifutika, tairi linagusa. Usiingie barabarani mpaka lipate nafasi. Na unayeishi kwenye lami ya Tarime hadi Musoma, bakia na tairi lako la lami: kashata huko inaisha upesi, na kwenye lami iliyolowa haishiki vizuri. Wengine wote, mwambieni fundi afanye jaribio la chaki mbele ya macho yenu kabla hamjamlipa.