Pochi ya Sarafu za Kidijitali: Nani Ashike Ufunguo?

Wakazi wanaoanza kujaribu sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin wanashauriwa kuchagua pochi kwa makini, hasa wanaojali usiri wa taarifa zao.

Pochi ni za aina mbili. Ya kwanza hutunzwa na kampuni ya kubadilisha sarafu. Ni rahisi kutumia, lakini kampuni ndiyo hushika ufunguo, huomba kitambulisho na kuweka rekodi za mteja. Ya pili, kama vile BlueWallet au Electrum, huwekwa kwenye simu au kompyuta, na mwenyewe hushika ufunguo bila kujisajili.

Uhuru huo una gharama. Pochi hii humpa mwenyewe maneno 12 au 24 ya kurejesha pesa zake. Tofauti na PIN ya M-Pesa, maneno hayo yakipotea hakuna huduma kwa wateja ya kumsaidia. Yaandikwe kwenye karatasi na kufichwa. Yasipigwe picha wala kutumwa kwa WhatsApp. Yeyote anayeyaomba ni tapeli.

Usiri nao una mipaka. Daftari la Bitcoin limekuwa wazi kwa umma tangu 2009. Anayejua anwani ya mtu huona kilichoingia na kilichotoka, hivyo ni vyema kutumia anwani mpya kila malipo yanapopokelewa.

Anayeanza apakue programu kupitia tovuti ya mtengenezaji, aweke kiasi kidogo, kisha afute pochi na kuirejesha kwa maneno yale. Ikirudi salama, ndipo aongeze pesa.