Saratani ya koo si saratani ya ukoo: Kukunja na kukunjua jeni kwa Kiswahili

Msomaji mmoja wa Kanyakine, Imenti Kusini, ameniandikia swali ambalo nimeona si vyema nilijibu faraghani. Anasema: "Mwalimu, mama ameambiwa ana kansa ya koo, na kwamba jeni zimeharibika. Shangazi yetu naye aliaga kwa ugonjwa uo huo. Je, hii si kansa ya ukoo? Sisi watoto tungoje tu?"

Swali hili lina mafundo mawili, la kwanza la lugha na la pili la sayansi. Nianze na la lugha.

Koo ni maneno mawili yanayofanana kwa sura. Lipo koo la kumezea chakula, ambalo wingi wake ni makoo. Zipo pia koo, wingi wa ukoo. Mgonjwa akisikia "kansa ya koo" na papo hapo atajiwe jeni, ni rahisi fikira zake ziruke hadi kwenye ukoo, kisha kwenye laana. Isitoshe, mara nyingi ugonjwa wenyewe hauko kooni. Uko kwenye umio, yaani mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kiswahili kina neno hilo, na ningependa walisemalo wauguzi na madaktari wetu liwe hilo: saratani ya umio. Ugonjwa huu umeenea katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Kenya imo.

Sasa fundo la pili. Kusema saratani ni ugonjwa wa jeni si kusema ni ugonjwa wa kurithi. Jeni nyingi zinazoharibika kwenye uvimbe ziliharibika ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe, katika maisha yake. Hakuzaliwa na kasoro hizo, wala hawapokezi watoto. Saratani za kurithi zipo, ila ni chache, kati ya 5 na 10 kwa kila 100.

Lakini jeni "huharibika" vipi? Wengi wetu tulifundishwa kwamba jeni ni maandishi, na saratani ni makosa ya tahajia. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna maandishi hayo yanavyokunjwa. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufika takriban mita 2, ilhali kiini kinachoibeba hakionekani kwa macho. Basi uzi huo huzungushwa kwenye vifundo vya protini ziitwazo histoni. Kila kifundo kina histoni 8, na uzi hukizunguka karibu mara mbili. Uzi pamoja na vifundo vyake ndio kromatini. Jeni iliyokunjwa kwa kubana haisomeki. Ili isomeke, sharti ikunjuliwe.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha. Hebu tazama kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, fuma na fumua, kunja na kunjua. Mzizi haubadiliki, kiambishi ndicho kinachogeuza kitendo. Seli nayo hufanya vivyo hivyo. Herufi za jeni hubaki zile zile, ila zipo protini zinazosukuma vifundo kando au kuving'oa, na nyingine zinazobandika alama kwenye histoni kuonyesha pa kufungua na pa kufunga. Ndiyo maana seli ya jicho na seli ya ini zina maandishi yale yale lakini hazifanyi kazi moja.

Kundi mashuhuri zaidi la protini hizi za kukunjua huitwa SWI/SNF. Lilianza kujulikana katika miaka ya 1980, kwa uchunguzi wa hamira. Mwaka wa 1998 ikabainika kwamba jeni ya mojawapo ya protini hizo, SMARCB1, huharibika katika uvimbe mkali sana unaowapata watoto wadogo. Leo inakadiriwa kuwa saratani moja kati ya tano huwa na kasoro katika jeni za kundi hili. Kosa la tahajia limeangukia jeni ya mkunjuzi; naye akikosekana, jeni nyingine zilizo salama, zikiwemo za kuzuia seli kuzaana ovyo, hubaki zimefungwa.

Katika saratani ya umio pia, uchunguzi uliofanywa China na kuchapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kasoro kwenye jeni za wabandika alama, kama vile KMT2D. Mwaka wa 2021, watafiti walichapisha usomaji wa DNA nzima ya uvimbe 552 wa umio kutoka nchi nane, Kenya na Tanzania zikiwemo. Hawakupata chapa ya sumu moja inayoeleza kwa nini baadhi ya nchi zina wagonjwa wengi kuliko nyingine. Tumbaku na pombe zimethibitishwa kuleta ugonjwa huu, na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimewekwa na Shirika la Afya Duniani kati ya vile ambavyo huenda vinausababisha. Basi ndugu wawili wakiugua, tusikimbilie damu yao tu. Tuulize pia walikula nini, walivuta nini, na chai yao ilikuwa moto kiasi gani.

Mbona nashikilia maneno? Kwa sababu kilichokunjwa vibaya huenda kikakunjuliwa. Mwaka wa 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya tazemetostat, inayomzuia mbandikaji mmoja wa alama za kufunga, kwa aina adimu ya saratani. Si dawa ya umio, lakini njia imefunguka. Tena mgonjwa anayeombwa kipande cha uvimbe wake kwa utafiti ana haki ya kujua, kwa lugha anayoielewa, kitasomwa nini ndani yake.

Kwa hivyo napendekeza tuseme "hitilafu ya jeni" tunapozungumzia uvimbe, na "ugonjwa wa kurithi" pale tu unaporithiwa. Protini hizi tuziite viunzi vya kukunja na kukunjua. Nao watoto wa mgonjwa wasingoje. Chakula kikianza kukwama wakati wa kumeza, mtu aende hospitalini wiki hiyo hiyo, asisubiri hadi hata uji umshinde.