MLIMANI CITY: KUINGIA BURE, ILA KIWANJA NI CHA NANI?

Juzi juzi nilimsindikiza baba mdogo Dar kutibiwa macho. Siku tuliyokuwa huru nikamwambia, baba, twende Mlimani City tukaione (yeye kwa jicho moja, lingine lilikuwa na bandeji, hehe). Akauliza kiingilio shilingi ngapi. Jamani, hakuna kiingilio! Mlinzi anakagua begi unapita. Unaweza kuzunguka mchana kutwa bila kununua hata pipi na hakuna wa kukufukuza.

Pako barabara ya Sam Nujoma, kati ya Ubungo na Mwenge, mbali na Kariakoo. Maegesho ni makubwa maana wengi wanakuja na magari. Ndani kiyoyozi, nguo, simu, benki, sinema. Bei zimebandikwa. Baba mdogo akashika kandambili na kuanza kama tuko sokoni Laela: "Mwisho shilingi ngapi, mwanangu?" Dada akatabasamu tu, akamwonyesha kile kikaratasi. Tukazirudisha, tukaenda kununua Mwenge.

Njiani ndo akaniuliza swali la maana: tajiri wa lile jengo nani?

Wengi tunadhani ni mtu mmoja. Wapi! Ardhi ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hakikuiuza, kiliikodisha kwa miaka 50. Aliyejenga ni kampuni ya Turnstar Holdings ya Botswana, na maduka yakafunguliwa 2006. Wenye maduka nao ni wapangaji, wanalipa kodi kwa Turnstar, na chuo kinapata fungu lake kwenye mapato hayo. Ndiyo maana bei haishuki kirahisi, yule dada ni mwajiriwa tu, na juu yake kuna kodi ya pango, umeme wa kile kiyoyozi na walinzi.

Duka kubwa kazi yake ni kuvuta watu, yale madogo yanafaidika na wapita njia. Mwanzoni yalikuwa Shoprite na Game, yote ya Afrika Kusini. Shoprite iliondoka nchini 2014, ikaingia Nakumatt ya Kenya, nayo ikaangushwa na madeni. Game nayo imeshafunga. Wapangaji wamepishana hivyo na mwenye ardhi hajahama.

Msidhani kukodisha ni dawa ya kila kitu. Mkataba wenyewe umewahi kuhojiwa hadi na kamati ya Bunge, kwamba chuo kinapata kidogo. Chuo chenye maprofesa wa sheria! Sasa sisi wa kusaini kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe itakuwaje?

Nayasema haya kwa sababu tangu lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ipite hapa Laela, viwanja vya barabarani vinatafutwa kama njugu. Cha marehemu babu kiko pale pale kando ya lami, na kuna jamaa anataka kukinunua ajenge fremu za maduka. Baba mdogo alishakubali, hela anunue bodaboda mbili. Mimi nikamwambia, baba, mwache ajenge, tuandikishane miaka, tena kwa mwanasheria, fremu mbili ziwe zetu.

Alinyamaza mpaka tunafika Morogoro. Kisha akasema, "Na bodaboda je?"

Bandeji imeshatolewa. Yule jamaa amesharudi mara mbili, na Jumapili tunakaa kikao cha ukoo.